Kogo Hakukata Wimbi

Wimbi iliyolowa ina harufu yake. Si ya pombe, ingawa inakaribia, wala si ya mbolea. Ni harufu chachu, nzito, yenye joto, inayopanda puani na kukataa kutoka. Mwaka huu mjukuu wangu alianika masuke juu ya turubai, akaenda Bomet kwa shughuli zake, na mvua ikamtangulia kufika nyumbani. Aliporudi alikunja ile turubai, akacheka, akasema, "Si kitu, bibi, unga tutanunua." Nilimtukana. Nilimtukana mpaka mke wake akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona ni nani anauawa. Kijana wa watu hakuwa na kosa kubwa namna hiyo. Lakini harufu ile iliponipiga nilikuwa tena na miaka tisa, na hasira niliyokuwa nayo nikiwa na miaka tisa haikuwa imepungua hata kidogo.

Boma letu lilikuwa mlimani, upande wa Longisa, siku zile ambazo ukisimama asubuhi ukatazama kule Kericho uliona moshi wa misitu ikichomwa ili chai ipandwe. Vijana wengi wa kwetu walikuwa wamekwenda huko kung'oa visiki. Sisi hatukuwa na kijana wa kwenda. Tulikuwa wanne tu: Kogo Taprandich, yaani bibi; mama yangu Tabutany; mimi Chelangat; na mdogo wangu Kipkoech, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni.

Tulijitegemea, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Hatukuwa na wa kumtegemea. Kibuyu cha maziwa kikipasuka hakikutupwa. Mama alikishona kwa mshipa wa ng'ombe, na mara nyingi mshono ulipendeza kuliko kibuyu chenyewe. Mabua ya wimbi yalikuwa chakula cha ndama. Majivu ya jikoni yalichanganywa na mbegu ili wadudu wasiziguse. Ngozi niliyojifunika usiku ilikuwa ya ndama aliyekufa, na mimi nilimjua ndama yule kwa jina. Kogo alikuwa na msemo wake aliourudia kila siku: "Punje iliyodondoka haina mama." Maana yake, inama uiokote. Utoto wangu wote niliinama.

Sasa nikueleze jambo ambalo watoto wa siku hizi wakilisikia huangua kicheko. Kogo ndiye aliyekuwa mume wa mama yangu. Alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, na kwetu Wakipsigis nyumba ya mjane kama huyo hufa pamoja naye. Ng'ombe wake na shamba lake huenda kwa ndugu za marehemu mumewe. Lakini desturi hiyo hiyo ilimwachia mlango mmoja. Angeweza kuoa. Basi alitoa ng'ombe, akamwoa mama yangu kama mwanamume yeyote anavyooa, na watoto wa mama wakawa watoto wa nyumba ile. Ni nani aliyetuzaa kwa damu? Hakuna aliyeuliza, na kusema kweli mimi sikuona pengo lolote. Nyumbani tulimwita Kogo. Mbele ya wazee tulifundishwa kumwita baba, na tulimwita hivyo bila taabu, kama mtoto anavyovaa nguo ya sherehe na kuivua.

Mlango ule ulikuwa na masharti, ila hayo sikuambiwa. Nilichojua ni kwamba Kogo hakupika, hakuchota maji, hakubeba kuni, na wakati wa mavuno hakukata wimbi. Alifanya mengine yote. Alijenga ua, aliezeka ghala, aliwapeleka ng'ombe kulamba udongo wa chumvi na kurudi nao jioni akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Vikao vya wazee wa kokwet, yaani wa kijiji chetu, alihudhuria na kigoda chake mwenyewe. Lakini kisu cha wimbi hakukigusa. Na wanawake wazima walikuwa wakisimulia kwamba ujanani mwake hakuna mtu wa mlima ule aliyemfikia kwa kazi hiyo. Mkono wa kushoto ulikusanya masuke, wa kulia ukakata kwa kisu na gumba, chap chap chap, na alikuwa amemaliza mstari wake wakati wenzake bado wanafunga mikanda ya vikapu. Hadithi hizo ziliniudhi. Niliona ni kama kuambiwa kwamba ng'ombe fulani ana maziwa mengi sana, ila hakamuliwi.

Mwaka ninaousimulia wimbi ilikuwa imeiva vizuri kuliko miaka yote niliyoikumbuka. Masuke yalikuwa yamekunja vidole, mekundu kama udongo, na ukipita katikati yake yalikupiga mapajani kwa uzito. Kwetu wimbi huiva mvua zikiwa bado hazijatuaga. Asubuhi jua, mchana mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, na alasiri lolote laweza kuanguka. Ndiyo maana watu walivuna kwa zamu. Leo wote kwangu, kesho wote kwako, na mwenye shamba hutoa pombe. Zamu yetu ilipangwa, na mama akatengeneza pombe kwa wimbi ya mwisho iliyobaki ghalani. Ghala likabaki tupu. Nililifagia mwenyewe kwa jani, na punje nilizopata hazikujaza kiganja.

Kogo alinituma nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu. Wote walikubali. Wote! Asubuhi ya siku yenyewe nilisimama penye mlango wa boma, nikawaona wakija kwa mstari, wanawake na wasichana, vikapu mgongoni. Wakafika kwenye njia ya kwetu, wakaipita. Wengine walitusalimu huku wakitazama miguu yao. Walikuwa wanakwenda kwa arap Mosonik.

Huyu arap Mosonik alikuwa ndugu mdogo wa marehemu mume wa Kogo, na shamba lake lilikuwa ng'ambo ya kijito. Siku ile haikuwa zamu yake. Alikuwa amewaita watu tangu alfajiri, akiwaambia kwamba zamu ya nyumba isiyo na mwanamume si zamu, na kwamba wimbi ya mjane itangoja. Watu waliogopa kumkatalia kwa sababu alikuwa na ng'ombe wengi na mdomo mrefu. Ni mmoja tu aliyekuja kwetu, jirani yetu Tabarno, mama mwenye jicho moja. "Mimi jicho langu halikuiona njia ya kwenda kule," alisema, akafunga mkanda wa kikapu, akaingia shambani. Mungu amlaze pema. Hata leo simsahau katika sala zangu.

Basi tukawa watatu: mama na Kipkoech mgongoni, Tabarno, na mimi. Shamba la watu ishirini.

Na pombe? Hilo ndilo linaloniwasha mpaka sasa. Jua lilipokuwa limepanda, arap Mosonik mwenyewe alikuja kwetu, mikono mitupu, akiongozana na wazee wawili wa kokwet. Alisema kwamba amekuja kuonja pombe ya nyumba ya ndugu yake. Mmoja wa wale wazee alikuwa arap Tanui, mtu mpole, mwenye ndewe za masikio zilizofika karibu na mabega. Kwa heshima Kogo akawakaribisha. Wakakizunguka chungu nje ya nyumba yake, kila mtu na mrija wake, na yeye, kama mwenye boma, akakaa nao. Pombe ya watu ishirini waliotarajiwa kufanya kazi ikanywewa na wanaume watatu ambao hawakuvunja hata bua. Walikaa mahali ambapo shamba lote lilionekana chini yao.

Tulikata. Mgongo wangu uliuma, kisha ukafa ganzi, na vidole vyangu vikachanika kwenye viungo. Kipkoech alilia, akalala, akaamka, akalia tena. Kila nilipopeleka kikapu ghalani nilipita karibu na wale wanywaji na kusikia vicheko, na kila nilipopita nilimtazama Kogo. Yeye hakucheka. Lakini alikuwa amekaa! Mtu mzima, mwenye nguvu, mwenye mikono iliyosifiwa mlima mzima, amekaa kwenye kigoda anavuta mrija, na mama yangu anabeba kikapu kwa mkanda wa kichwani huku mtoto akining'inia mgongoni.

Saa nane hivi upepo ulibadilika. Ukawa baridi ghafla, ndege wakanyamaza, na juu ya upande wa ziwa likasimama wingu la rangi ya ini. Kila mtu wa kule anajua wingu hilo linaleta nini. Mama alinyoosha mgongo, akalitazama, akatazama sehemu kubwa ya shamba iliyobaki, akainama tena. Hakusema neno. Ninadhani ni kule kunyamaza kwake kulikonipandisha mori.

Nilipanda mlima mbio na kisu changu mkononi, nikasimama mbele ya wale wazee bila hata kuinamisha kichwa wakiguse, kama mtoto wa kwetu anavyowasalimu wazee.

"Kogo!" nikapaza sauti. Sikusema baba. "Mvua ya mawe inakuja! Wewe ni mwanamke kama sisi, na mikono yako inajua kukata kuliko ya mama. Toka hapo uje!"

Mirija yote ilitoka midomoni. Mzee yule mwingine alikohoa. Arap Mosonik akatabasamu, akanyoosha mkono akachukua kisu changu polepole, na akakiweka chini, mbele ya miguu ya Kogo.

"Mtoto hadanganyi," akasema. "Haya, mke wa ndugu yangu. Chakula cha watoto kinaangamia. Hapa tuko sisi kwa sisi, nani atakulaumu? Nenda ukawasaidie wanawake wenzako."

Alisema kwa sauti ya huruma kabisa. Nami, mjinga wa watu, nilimshukuru moyoni. Nilidhani nimepata mtetezi.

Kogo alikitazama kisu. Alilitazama shamba. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, na vidole vyake vilikuwa vinatikisika. Vya kushoto vikifumba na kufumbua, gumba la kulia likisugua kidole cha shahada, haraka haraka, bila kutulia. Nikajiambia kwamba amelewa. Nikamdharau.

"Chelangat," akasema mwishoni, "mwambie mke wangu afunike yaliyokwisha kukatwa." Kisha akamgeukia arap Mosonik. "Na wewe, ndugu yangu, okota kisu cha mtoto umrudishie. Boma hili lina mwenyewe, na mwenyewe hatumwi."

Jiwe la kwanza la mvua likapiga chungu cha pombe, ting. Baada ya hapo hakuna aliyesikia mwenzake.

Watu husema akiba haiozi. Yetu ilioza mbele ya macho yangu. Mvua ilipokwisha, ile sehemu iliyobaki ilikuwa imelala chini kama imekanyagwa na ng'ombe, masuke yamezama ndani ya barafu na tope. Siku tatu tulifukua, mama na mimi, tukishindana na kuku, tukayakusanya yakiwa yameanza kuvimba na kutoa joto. Hapo ndipo nilipoijua harufu ile. Kogo hakuja kuokota hata punje moja, yeye aliyenifundisha kwamba punje haina mama. Alikuwa juu ya paa la ghala akiziba matundu. Ghala la nini? niliuliza kwa sauti, nikihakikisha anasikia.

Msimu ule tulikula mboga za mwitu na viwavi, yale majani yanayowasha, hadi ulimi ukawa mkavu. Maziwa yalitusaidia, lakini ng'ombe nao walikuwa wachache. Mimi nilimwadhibu Kogo kwa njia nilizoziweza. Sikumsalimu asubuhi. Nikitumwa kumpelekea chakula, nilimchagulia kipande cha ugali kilichoungua, na kama hakuna kilichoungua nilingoja kiungue. Aliupokea, akaula wote, akasema asante. Mama aliponigundua alinizaba kofi ambalo sikio langu lililikumbuka wiki nzima. "Hujui kitu," aliniambia. Nikamjibu kwamba ninajua nilichokiona. Nilipigwa la pili.

Hatukusemezana vizuri, mimi na Kogo, kwa karibu mwaka mzima. Baadaye mambo yalilainika, kama yanavyolainika kati ya watu wanaokula chungu kimoja, lakini moyoni niliweka jiwe langu. Niliolewa, nikaondoka, nikazaa. Kogo alikufa nikiwa na mtoto wa pili tumboni. Sikuwahi kumwomba radhi kwa sababu sikujua kwamba nina la kuombea.

Alikuwa hajamaliza hata mwezi ardhini arap Mosonik alipoita wazee wa kokwet. Alitaka ng'ombe na shamba. Hoja yake ilikuwa fupi: ndoa ile ilikuwa mchezo wa wanawake wawili, Taprandich alikuwa mwanamke mpaka siku ya kufa kwake, hivyo Kipkoech si mrithi wa mtu. Mdogo wangu alikuwa kijana sasa, ameketi peke yake katikati ya watu wenye mvi. Mama na mimi hatukuruhusiwa kuketi pale. Tulisikiliza kutoka nyuma ya ua, tukipika uji wa kuwalisha watu waliokuwa wanaamua kama tutafukuzwa.

Baada ya maneno mengi arap Tanui akasimama. Alikuwa amezeeka sana, sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Mimi nilikuwepo siku ya mvua ya mawe," akasema. "Na wewe, arap Mosonik, ulikuwepo. Mtoto wake mwenyewe alimwita mwanamke mbele yetu. Wewe ulimwekea kisu miguuni. Ulitaka akishike, ili leo uje hapa useme kwamba tulimwona kwa macho yetu. Karibu chakula chake chote kiliangamia akitazama. Hakukigusa kile kisu. Ninyi wengine hapa, ni nani angeweza? Yule alikuwa mwanamume."

Nyuma ya ua nilishika mkono wa mama. Uji ulifurika, ukazima moto, wala hatukuuepua. Ndipo nilipoelewa ni nini nilichokuwa nimekifanya na miaka yangu tisa na domo langu. Kama angesimama, kama angekata hata suke moja kwa ajili yetu, tungekula vizuri msimu mmoja na kukosa mahali pa kuzikwa. Alijua. Mama naye alijua, ndiyo maana hakupandisha macho kumwomba. Mimi peke yangu ndimi niliyempelekea adui kisu.

Wazee waliamua kwamba shamba na ng'ombe ni vya Kipkoech. Arap Mosonik aliondoka bila kunywa uji.

Arap Tanui alibaki nyuma kwa sababu ya miguu yake. Nilimpelekea kibuyu chake cha uji, akanishika kiganja, akaniinamisha sikio.

"Wewe ndiwe yule mtoto," akasema. "Kuna jambo ambalo sikuwaambia wale, maana lingetuharibia kesi. Mimi niliiona mikono yake. Ilikuwa juu ya magoti, na ilikuwa inakata. Suke kwa suke, tangu wingu lilipotokea. Alilivuna shamba lile lote pale alipokaa."

Hasira ikanipanda upya, hasira nyingine kabisa, nami nikamwuliza mzee yule mwema, aliyekuwa ametuokoa muda mfupi tu uliopita: na yeye je? Aliiona mikono ile, aliliona wingu, alimwona mama yangu na mtoto mgongoni. Alikuwa na mikono miwili mizima na tumbo lililojaa pombe yetu. Mbona hakushuka shambani?

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni.

"Mimi?" akasema. "Mimi ni mwanamume."

Nilimpa uji, akanywa. Alikuwa mgeni wetu na mtetezi wetu. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiwahesabu upya waliokaa kwenye chungu kile. Walikuwa wanne. Mmoja tu ndiye aliyekatazwa kusimama, naye ndiye niliyemlisha ugali ulioungua. Wale watatu wangeweza kuinuka, wakakata wimbi mpaka giza, wakarudi kwenye vigoda vyao, na hakuna mtu wa mlima ule ambaye angeuliza kama ni wanaume.